Vitabu vya Kalamu na Dadu

Vitabu vingi tunavyosoma shuleni vyatutaka tukae kimya tusikilize. Mwandishi anena, msomaji apokea, basi. Lakini viko vitabu vya namna nyingine, ambavyo havimalizi kazi yao mpaka msomaji naye afanye kazi yake. Kitabu cha mafumbo hukuuliza swali kikanyamaza. Kitabu cha kuchekesha hukutegea mtego wa maneno, na usipoingia mtegoni hucheki. Tena kiko kitabu ambacho wewe msomaji ndiwe mtu wa hadithi: wachagua njia, watupa dadu, wapigana na adui, na huenda ukafa kabla hujafika mbali. Vitabu vya namna hizi tatu nimevipenda tangu utoto wangu, na hata leo, nikiwa mwalimu mwenye umri wa miaka arobaini na zaidi, navipenda vilevile.

Najua ya kuwa wako watu wazima wanaoviita upuuzi. Husema mtoto asome sayansi, asome hesabu, asome maisha ya watu wakuu. Kubuni majina ya vitu vilivyofichwa na kupigana na majoka ya karatasi kutamfaa nini? Sitaki kuwajibu kwa kusema ya kuwa mafumbo hunoa akili, ingawa ni kweli. Sisi tuliosoma vitabu hivi chini ya mwembe wakati wenzetu walipokuwa wakicheza mpira hatukuvisoma ili tunolewe. Tulivisoma kwa kuwa vilitupendeza. Nami nimefikiri sana kwa nini vipendeze, nikaona ya kuwa siri yake ni neno moja: sharti.

Tazameni vitendawili vyetu. Bibi akisema, "Kitendawili!" nanyi mkajibu, "Tega!" mmekwisha kufunga mapatano naye. Akitega, nanyi mkashindwa, hawapi jibu bure. Hudai mji. "Nipeni mji!" Mtampa Tanga, atakataa; mtampa Unguja, labda atakubali, ndipo afumbue. Mimi nilipokuwa mtoto niliona uchungu wa kweli kutoa mji, hasa Mombasa, mji ambao sikuwa nimeuona kwa macho. Wazee wetu walijua ya kuwa jibu lisilolipiwa halina ladha. Mtu apataye kitabu cha mafumbo akaenda moja kwa moja nyuma ya kitabu kwenye majibu ametoa miji yake yote kwa siku moja, wala hana hata haja ya kusikia jina la mfalme aliyeitwaa.

Mafumbo yaliyoandikwa ni ya zamani sana. Kiko kitabu kidogo cha Kilatini ambacho husemwa ya kuwa kilitungwa na Alcuin wa York, mwalimu aliyefundisha katika baraza ya mfalme Charlemagne, akafa mwaka 804. Jina lake maana yake ni maswali ya kunoa akili za vijana. Ndani yake mna fumbo la mtu mwenye mbwa-mwitu, mbuzi na kabichi, afikaye penye mto. Huku kwetu pwani fumbo lilo hilo husimuliwa kwa chui, mbuzi na majani, maana mbwa-mwitu wa Ulaya hatumjui. Mashua ni ndogo: yachukua mtu na kitu kimoja tu. Akimwacha chui na mbuzi, chui atamla mbuzi. Akimwacha mbuzi na majani, mbuzi atayala majani. Avushe vipi vyote vitatu?

Sitawapa jibu, wala sidai mji. Nitawaambia neno moja tu: kila mwanafunzi ninayempa fumbo hili hukwama mahali pamoja, kwa kuwa hudhani ya kuwa kitu kikisha kuvushwa kimevushwa, wala hakuna ruhusa ya kukirudisha. Sharti halikusema hivyo. Sharti lilisema mashua ni ndogo na wanyama wana njaa, basi. Nimemwona kijana wa darasa la sita amekaa na fumbo hili toka saa nne mpaka kengele ya chakula, kisha akapiga meza kwa kofi, akacheka peke yake. Sijui kama alikula vizuri siku ile, lakini alikwenda akimtafuta mtu wa kumtegea.

Na liko fumbo jingine ambalo sharti lake ni kali hata likawashinda watu wote duniani, nao hawakujua. Mwishoni mwa mwaka 1879 huko Boston, Marekani, palianza kuuzwa kisanduku cha mraba chenye vibao kumi na vitano vilivyotiwa hesabu 1 mpaka 15, na nafasi moja tupu. Huwezi kuviinua vibao. Waweza kuvisukuma tu katika ile nafasi. Wavichanganya, kisha wavipanga tena kwa taratibu yake. Hilo si gumu. Lakini watu waligundua ya kuwa mara nyingine vibao vyote hukaa mahali pake isipokuwa viwili vya mwisho, ambavyo husoma 15 kwanza na 14 baadaye. Hapo watu wakapatwa na wazimu. Mwaka 1880 mchezo ule ulienea Marekani na Ulaya kama moto wa nyika. Daktari mmoja wa meno wa mji wa Worcester alitangaza zawadi ya fedha kwa mtu atakayeweza kuvipanga. Baadaye fundi mashuhuri wa mafumbo, Sam Loyd, akaahidi dola 1,000, tena akadai ya kuwa mchezo ule aliubuni yeye, jambo ambalo si kweli.

Loyd hakuwa na hofu ya kupoteza dola zake, kwa kuwa kazi ile haiwezekani. Wataalamu wawili wa hisabati, Johnson na Story, walikwisha kuonyesha hivyo katika jarida la mwaka 1879. Nitawaeleza sababu, nanyi mwaweza kuijaribu kwa karatasi. Chora mraba wa vyumba 16, safu nne za vyumba vinnevinne, ukavipake rangi kwa zamu, cheusi na cheupe. Kila usukumapo kibao kimoja, nafasi tupu huhama kutoka chumba cheusi kwenda cheupe, au kutoka cheupe kwenda cheusi. Basi ikiwa ilianza katika pembe ya chini, na mwisho imerudi katika pembe ile ile, hatua zako zote ni shufwa: 2, au 40, au 1,000, lakini 999 hazitakurudisha. Sasa angalia ya kuwa kila hatua ni vitu viwili kubadilishana mahali, yaani kibao na nafasi tupu. Nawe watakiwa kumaliza ukiwa umebadilisha vitu viwili tu, 14 na 15. Hilo ni badilishano moja, na moja ni witiri. Mabadilishano ya shufwa hayawezi kamwe kuleta lile ambalo badilishano la witiri hulileta, hata ukisukuma mpaka mvi zikuote. Nilipolielewa jambo hili mara ya kwanza nilikuwa chuo cha ualimu, usiku, kwa taa ya mafuta, na nakumbuka niliona haya kwa furaha niliyokuwa nayo, maana wenzangu walikuwa wamelala.

Mwandishi mmoja alijua kuunganisha mafumbo na kicheko kuliko wote ninaowajua. Jina lake la kweli ni Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati katika Oxford, bali ulimwengu wamjua kwa jina la Lewis Carroll. Hadithi yake ya msichana aliyetumbukia katika shimo la sungura ilichapwa mwaka 1865. Mwaka 1940 ikatolewa kwa Kiswahili kwa jina la "Elisi Katika Nchi ya Ajabu", na mwaka 2015 ikapata tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, "Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu". Katika hadithi ile mtengeneza kofia anamtegea msichana kitendawili, kisha yaonekana ya kuwa hata yeye mwenyewe hana jibu. Wasomaji walimsumbua mwandishi kwa barua miaka mingi, mpaka akaandika jibu moja katika utangulizi wa chapa ya baadaye, akakiri papo hapo ya kuwa kitendawili kilipotungwa hakikuwa na jibu lolote. Mimi namwona alistahili kutoa mji.

Carroll ndiye pia aliyebuni mchezo wa kugeuza neno kwa kubadili herufi moja moja, na kila hatua iwe neno la kweli. Nimeujaribu kwa Kiswahili, nao wakaa vizuri sana. Mathalan, mgeuze paka awe kiti. Paka, pata, kata, kati, kiti. Hatua nne, na paka amekaliwa. Sasa jaribuni ninyi kumgeuza mama kuwa baba. Kati yao mtahitaji maneno matatu tu, na moja la hayo huogelea.

Kuhusu vitabu vya kuchekesha nina neno moja zaidi, na kwa hilo sina haja ya kwenda Oxford, kwa kuwa tunaye Abunuwasi. Mwajua habari ya sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani yake. Jirani akauliza, "Na hiki?" Akamjibu, "Sufuria yako imezaa." Jirani akafurahi, akapokea vyote viwili. Siku nyingine Abunuwasi akaazima tena, wala hakurudisha. Jirani alipokuja kudai, akaambiwa kwa masikitiko, "Ndugu yangu, sufuria yako imekufa." Yule akapiga kelele, "Sufuria hufaje?" Naye Abunuwasi akamwuliza kama iliwezaje kuzaa. Watoto hucheka hapo, nami hucheka nao kila mwaka. Lakini tazameni kicheko chatoka wapi. Jirani hakudanganywa. Alikubali sharti la mchezo siku lilipomletea faida, na sharti likamfuata mpaka nyumbani siku lilipomletea hasara.

Hapo ndipo nifikapo kwenye kitabu nilichotaka kuwaeleza tangu mwanzo.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na minne, mwaka 1994, liliwasili shuleni kwetu sanduku la vitabu vilivyokwisha kutumika huko Uingereza. Ndani yake mlikuwa na kimoja chenye picha ya mzee mwenye ndevu na joka. Kiliitwa "The Warlock of Firetop Mountain", yaani mchawi wa mlima wenye kilele chekundu kama moto. Kilichapwa mara ya kwanza mwaka 1982, na waliokitunga ni Waingereza wawili, Steve Jackson na Ian Livingstone. Hakisomwi toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Kimegawanywa katika mafungu 400 yenye hesabu, nayo hayafuatani. Mwisho wa fungu waambiwa: ukitaka kwenda magharibi fungua fungu hili, ukitaka mashariki fungua lile. Wahitaji dadu mbili, kalamu ya risasi na kifutio. Kabla ya kuanza watupa dadu ili kujua u mtu wa namna gani: Ustadi wako ni dadu moja na kuongeza sita, Nguvu ni dadu mbili na kuongeza kumi na mbili, Bahati ni dadu moja na kuongeza sita. Ukikutana na adui, unatupa dadu mbili kwa ajili yako na mbili kwa ajili yake, waongeza Ustadi wa kila mmoja, na aliyepata kidogo hupoteza Nguvu mbili. Na Bahati ina desturi yake: kila uijaribupo, hata ikikusaidia, hupungua moja.

Nilikiazima kwa ajili ya mdogo wangu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alizaliwa na ugonjwa wa damu ambao siku hizi waitwa selimundu, kwa kuwa chembe nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, na maumivu yake huingia mifupani. Mara nyingi alilazwa hospitali majuma mawili, matatu. Bibi yetu alikaa naye mchana na usiku juu ya mkeka. Mimi nilikwenda baada ya masomo. Kiingereza changu kilikuwa haba, basi kila jioni nilikwenda na kamusi, nikamfasiria fungu baada ya fungu, naye akatupa dadu juu ya sahani ya bati ili zisipotee kitandani.

Siku ya kwanza, alipotupa kwa ajili ya Ustadi, dadu ikalala kwenye moja. Moja na sita ni saba, nao ndio Ustadi wa chini kabisa unaoweza kupatikana. Bibi, ambaye hakujua kusoma lakini alikwisha kuelewa mambo yote ya vita vile, akasema, "Hiyo imeteleza, mjukuu wangu. Tupa tena."

Mdogo wangu akajibu, "Haikuteleza, Bibi. Ni moja."

"Basi kaka yako aandike sita. Ni nani atakayekwenda kuuliza?"

Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Akiandika sita, atakayeingia mlimani si mimi. Ni mtu mwingine."

Bibi akacheka, akasema, "Haya, nenda ukafe na moja yako." Mara akajifunika mdomo kwa ukingo wa khanga. Mdogo wangu yeye alicheka sana, mpaka mwuguzi akaja kutazama kuna nini.

Akaingia mlimani na Ustadi wa saba, akafa upesi. Akatupa upya, akaingia tena. Nadhani alikufa mara tisa au kumi katika miezi ile. Hakukubali hata mara moja nimrudishe nyuma fungu moja, wala niweke kidole katikati ya kurasa ili kuchungulia njia ya pili ina nini, jambo ambalo kila msomaji wa vitabu hivi hulifanya na hakuna sheria ya kumkamata. Aliandika kila alichotupa katika daftari, akagundua mwenyewe ya kuwa dadu mbili hupenda kuleta saba. Hakuna aliyemfundisha. Akaniuliza kwa nini, nikamwachia. Baada ya siku mbili akanionyesha: ziko njia 36 za dadu mbili kulala, na sita katika hizo huleta saba, bali kumi na mbili ina njia moja tu. Alikuwa amezichora zote, kila dadu na matone yake.

Tena alichora ramani. Mwuguzi alimpa karatasi kubwa ya kuandikia homa, iliyokwisha kutumika upande mmoja, naye nyuma yake akachora mlima wote: mto, kivuko, vyumba, na ule mtandao wa njia zinazozunguka mahali ambapo wasomaji wengi hupotea. Mwisho wa kitabu liko sanduku la hazina, nalo halifunguki ila kwa funguo tatu zilizo sawa, ambazo lazima uwe umezikusanya njiani. Mara mbili alifika kwenye sanduku. Mara ya kwanza alikuwa na ufunguo mmoja ulio sawa, mara ya pili mbili. Alijua ya kuwa wa tatu uko mahali katika zile njia za kuzunguka ambapo hakuwa amepita, na hapo kwenye ramani akaweka alama ya kuuliza. Mwaka 1996, wakati wa masika, alilazwa tena, nasi hatukurudi naye nyumbani. Kitabu nilikirudisha shuleni. Ramani ninayo.

Baadaye, nilipokuwa mwalimu, nilijifunza ya kuwa vitabu hivi vina baba yao. Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo ulioitwa "Dungeons & Dragons", maana yake magereza ya chini ya ardhi na majoka. Chapa ya kwanza ilikuwa visanduku 1,000 tu, vilivyotiwa vitabu vyake kwa mikono. Mchezo huu hauna ubao, wala hauna mshindi. Mtu mmoja husimulia: "Mmefika penye lango, mlinzi amelala, mnafanya nini?" Wengine, kila mmoja akiwa amejifanya mtu fulani, mpiga upinde au mganga au mwizi aliyetubu, hujibu. Jambo likiwa la mashaka, dadu huamua. Baadhi ya dadu zake zina pande nne, nane, kumi na mbili, hata ishirini. Msidhani ya kuwa ni uvumbuzi wa juzi: katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York iko dadu ya mawe ya pande ishirini iliyotoka Misri ya zamani, yenye herufi za Kiyunani.

Basi, kwa muda wa miaka mitatu sasa, mimi na wanafunzi saba wa darasa la sita na la saba hukutana Jumamosi baada ya kufua. Dadu za pande ishirini hatuna. Tumeandika hesabu 1 mpaka 20 juu ya vipande vya karatasi, twavichanganya katika kikombe, na kila kikisha kusomwa hurudishwa kikombeni, maana kisiporudishwa hesabu zake huharibika. Mlima wetu ni ule wa ramani ya mdogo wangu, ila nimewatoa majitu ya Ulaya, nikaweka shetani wa mbuyu, fisi asemaye, na mvushaji wa mtoni anayedai nauli mara mbili.

Mwaka jana habari zikafika kwa wazazi, nazo zilifika zikiwa zimevimba. Mzazi mmoja, mtu wa heshima katika kanisa, akaja ofisini kwangu akasema kwa upole lakini kwa uso mkavu, "Mwalimu, nasikia binti yangu anafundishwa uchawi siku ya Jumamosi. Nimekwisha kumwambia Mwalimu Mkuu ya kuwa kabati lile lifungwe." Sikushangaa. Katika miaka ya 1980 huko Marekani wazazi na wahubiri wengi waliulilia mchezo huu kwa maneno hayo hayo. Wala sikumwona mjinga. Mtoto wake alirudi nyumbani akisema amemwua fisi kwa neno la siri. Mzazi asiyeuliza hapo angekuwa mzazi gani? Nilimwomba jambo moja tu, aje akae nasi Jumamosi moja kabla kabati halijafungwa. Kama lingefungwa, vitabu vyetu vyote vya mafumbo na vya kuchekesha, arobaini na viwili kwa hesabu yangu, vingefungwa pamoja nalo.

Akaja, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha, kofia magotini. Siku ile wasafiri walikuwa mbele ya yule mvushaji. Binti yake alikuwa amemwahidi mvushaji ya kuwa wakirudi watamletea chumvi, na sasa wamerudi bila chumvi. Wenzake wakamshauri aseme chumvi ilianguka mtoni. Yeye akakataa, akamwambia mvushaji kweli, akaingiza mkono katika kikombe ili kujua kama atasamehewa. Akatoa karatasi yenye 3. Mvushaji akakasirika, akageuza mashua, akaondoka.

Pakawa kimya. Ndipo sauti ya kiume ikatoka dirishani: "Kwani hapo mtoni hakuna kivuko cha juu? Maji ya mto hupungua kuelekea mlimani." Wanafunzi wakageuka wote pamoja. Kijana mmoja, kwa adabu nyingi, akasema, "Samahani, mzee. Wewe huna mtu katika safari hii. Huwezi kusema." Mzee akakubali, akanyamaza, lakini nilimwona akikunja na kukunjua ile kofia mpaka tulipomaliza.

Hatukukubaliana katika kila jambo. Alitaka neno "mchawi" liondolewe, liwe "mfalme mkatili", nami nikaliondoa, ingawa watoto wakiwa nje hulitumia lile la kwanza. Alisema pia ya kuwa dadu humkumbusha wacheza kamari, na kikombe chetu cha karatasi akakiona ni afadhali. Kabati halikufungwa. Binti yake bado anacheza, na mara mbili tatu ameleta maswali juu ya mto ambayo najua si yake.

Jumamosi iliyopita wasafiri waliingia katika zile njia za kuzunguka. Wametafuta wiki nne, wanao funguo mbili, na sasa wamesimama mahali penye alama ya kuuliza. Wao hawajui ya kuwa ramani yangu inakoma hapo. Kitabu kile sijakishika tena tangu nilipokirudisha, na sikumbuki fungu lile linasema nini, wala sitaki kulitafuta. Itanibidi nitunge mwenyewe kilichomo, na kiwe kitu cha haki, ambacho mtu wa Ustadi wa saba aweza kukishinda akiwa na bahati. Leo ni Jumanne.